Kitanda cha kulalia chini ya gari kimepasuka ndani ya miezi mitatu, ninunue kipi kinachovumilia?

"Fundi mkuu habari za kazi. Nina gereji ndogo Nyakato hapa Mwanza, kuna kibaraza cha zege gari moja linaingia, kwingine kote ni changarawe. Nilinunua kile kitanda cha plastiki chenye matairi sita cha kulalia chini ya gari, kimeandikwa LBS 300, mimi nina kilo 96. Miezi mitatu tu kimepasuka pale tairi la mbele lilipofungwa, na matairi mawili hayazunguki kabisa. Mwenzangu anasema uzito wangu ndo umekivunja, ninunue cha chuma chenye godoro nene, mwingine anasema nikachomelee changu. Nafanya sana Noah, IST na Hiace, gari nainua na jeki halafu naweka tofali za bloku. Kiuno nacho kinanisumbua hasa jioni, nilidhani kitanda kitanisaidia. Nichukue kipi kinachodumu?"

Mwangaluka ndugu yangu, na pole na kitanda. Nimekusoma mara mbili maana hapo kuna maswali matatu, la kitanda, la sakafu na la kiuno, na kuna moja hujaliuliza kabisa lakini ndo lililonifanya niandike leo leo badala ya kusubiri, ni zile tofali. Nitafika huko.

Kwanza nikutoe lawama. Kilo 96 hazijavunja hicho kitanda. LBS ni paundi, ukigawanya kwa 2.2 unapata kilo, kwa hiyo LBS 300 ni kama kilo 136, wewe umo ndani na chenji inabaki. Tena ukiwa umelala miguu yako iko chini inasukuma, kitandani anabaki mtu wa kuanzia makalio mpaka kichwa, tufanye kilo 80. Shida ni kwamba namba ya kwenye stika inamhesabu mtu aliyelala katulia kwenye sakafu nyoofu, matairi yote yamekanyaga sawa. Haimhesabu fundi anayejivuta kwa pupa juu ya changarawe huku kakumbatia gia boksi kifuani.

Kilichokuvunjia kitanda ni kokoto. Chukua tairi la inchi 2, ndo yaliyoko kwenye vitanda vingi vya plastiki, nusu ya kipenyo chake ni kama sentimita 2 na nusu. Likigonga kokoto ya sentimita 1 halipiti hivi hivi, inabidi lipande. Sasa kupanda kunataka nguvu kubwa kuliko uzito wenyewe uliokaa juu ya tairi, kama mara moja na theluthi. Kama una kilo 80 juu ya matairi manne yaliyogusa chini, kila tairi lina kilo 20, basi hiyo kokoto moja inakudai usukume kama kilo 27. Weka tairi la inchi 3 kokoto ileile inadai kama kilo 18 au 19. Weka la inchi 5 unakuta ni kama kilo 13 tu. Na kokoto ikifika nusu ya kipenyo cha tairi, yaani sentimita 2 na nusu kwa tairi la inchi 2, hata usukume na ukoo mzima halipandi, linasimama pale na mwili wako unaendelea na safari.

Hapo unaposhtuka ndo plastiki inapoumia. Tairi limezuiwa chini, wewe unavuta juu, kwa hiyo mguu wa tairi unakuwa kama mtaimbo unaobandua mahali ulipofungwa. Ufa unaanza kwenye tundu la bolti, mdogo kama unywele, kesho unakua kidogo, siku moja unasikia ka! na bega liko chini. Angalia kitanda chako vizuri utaona ufa umetoka kwenye tundu, haujatoka katikati ya kitanda, kingekuwa kimezidiwa na uzito kingekatika tumboni.

Na yale matairi mawili yaliyogoma, huo ni mchanga wetu. Mwanza tunajisifia mawe, lakini mawe yakisagika yanaleta ule mchanga mnene wenye ncha, ukiingia kwenye grisi ya beringi pale tairi linapozungukia unapata dawa ya kusagia valvu kabisa. Ukiongeza grisi juu ya mchanga umeongeza dawa. Ya kufungua fungua, osha na dizeli au mafuta ya taa, kausha, paka grisi mpya kidogo. Yasiyofunguka ndo yameenda hayo.

Sasa ukisikia mtu anasema matairi sita kama yako ndo imara, anasema kweli nusu. Kwenye zege nyoofu sita ni bora kuliko manne, maana tairi la katikati linashika tumbo la kitanda lisibonyee. Fremu ukiipa mguu katikati, umbali kati ya miguu unakuwa nusu, na kupinda kwa bomba kwa mzigo uleule kunashuka kama mara nane, sio mara mbili kama wengi wanavyodhani. Ila kwenye changarawe hesabu inageuka. Ardhi ina kibonge katikati, yale mawili ya kati yanapanda juu yake, ya pembeni yananing'inia, wewe wote na gia boksi lako mmekaa juu ya matairi mawili na kitanda kinacheza kama mtumbwi. Kwa ardhi mbovu bora manne makubwa kuliko sita madogo.

Na hapo ndo penye neno langu kubwa kwako. Unatafuta kitanda imara kumbe kinachokosekana ni sakafu. Hakuna kitanda cha matairi madogo kitakachoishi kwenye changarawe, cha plastiki, cha chuma, hata ukipewa cha dhahabu. Vipo vya matairi ya inchi 5 vilivyobuniwa kwa ardhi mbovu, vinapita, lakini utashangaa kwamba kwenye changarawe nene hata hivyo vinazama, unatumia nguvu zote za visigino kusogea hatua moja. Kwa hiyo hela ya kwanza ipeleke chini. Ukiweza mwaga zege gari la pili liingie, kwa magari madogo unene wa sentimita 10 juu ya kifusi kilichoshindiliwa vizuri unatosha, hapo umemaliza. Huwezi kwa sasa? Sawazisha changarawe na reki, mwagia maji, shindilia, halafu tandaza marini bodi (plaiwudi inayohimili maji) mbili za milimita 18, zile za futi 8 kwa 4, jioni unazisimamisha ndani. Kitanda kinateleza juu ya ubao. Kwenye maungio piga bati jembamba lisiache ngazi, maana ngazi ya milimita 18 ni kokoto nyingine hiyo, tena ndefu.

Kama hata hiyo bado, usione aibu kulalia boksi la friji au turubai nene. Mafundi wazuri sana hapa mjini wamezeeka kwenye maboksi.

Haya tuje kwenye kununua, tuseme sakafu ipo. Godoro nene usilikimbilie. Piga hesabu na mimi. Stendi ndogo za tani 3, zile za chuma za kushikilia gari lililoinuliwa, nyingi mwisho wake ni kama sentimita 40. Kifua cha mtu wa mwili wako kina unene kama wa sentimita 25. Kitanda cha chuma ambacho fremu imekaa juu ya matairi ya inchi 3, halafu ubao, halafu sponji, mgongo wako unakaa sentimita 13 au zaidi kutoka chini. Arobaini toa 13 toa 25 unabaki na sentimita 2 kati ya kifua na chuma, hapo hata kukohoa unaomba ruhusa. Kitanda kilicholala, yaani mwili unashuka katikati ya matairi badala ya kukaa juu yake, kinakuweka sentimita 3 hivi kutoka chini, unabaki na 12. Hizo sentimita 10 za tofauti ndo mkono wa kuvutia spana, ndo macho kuona bolti bila makengeza. Ukiwa na IST, gari lenyewe limelala chini, utaniambia.

Halafu ile sponji ikichanika leksini yake inaanza kunywa oili chafu, unalalia oili siku nzima mgongoni, na oili iliyotumika ikikaa kwenye ngozi mwaka nenda mwaka rudi sio mchezo, soma hata maandishi madogo kwenye galoni wameandika. Ikichanika ibandue yote ubaki na ubao ulioupiga rangi ya mafuta. Plastiki kwa upande huu inashinda, unafuta na kitambaa imeisha, asidi ya betri haiifanyi kitu, hailowi. Kwenye zege tupu mimi plastiki nene siipingi hata kidogo.

Ukifika dukani, iwe Makoroboi au popote, usiulize "imara?" maana muuzaji atasema imara. Kipindue. Tazama tairi limefungwaje. Kama ni mguu mmoja wenye nati moja, jua unalegea na kupinda mapema, tafuta lenye bamba na bolti nne. Tikisa tairi kwa vidole, likicheza kama jino la mtoto rudisha. Halafu kilaze chini ulalie, usione haya, inua makalio uzito wote uende mabegani na visiginoni, mtu mwingine achungulie tumbo la kitanda linabonyea kiasi gani. Cha mwisho, toka nyumbani na bolti ya Toyota ya spana 14, mwili wake ni milimita 10, hiyo ndo kokoto yako. Iweke sakafuni ujisukume upite juu yake. Kikigoma kwa bolti moja kwenye vigae vya dukani, Nyakato kitakufanyia nini? Muuzaji atanuna kidogo, mwache anune.

Matairi yenyewe chagua poliuretani, ile plastiki ngumu yenye uso laini inayong'aa kidogo, oili haiifanyi kitu. Mpira wa kawaida unakunywa oili na dizeli unavimba unakuwa kama andazi, nailoni ngumu inadumu ila inapiga kelele na kila punje ya mchanga unaisikia kwenye meno.

Na kuchomelea mwenyewe? Kwa hali yako mimi naona ndo njia nzuri, mradi usirudie kosa ninaloliona kila gereji, la kuweka kitanda juu ya matairi. Chukua skwea paipu ya inchi 1, geji 16 (unene wa milimita 1.5 hivi), tengeneza fremu ya upana kama sentimita 45 na urefu wa sentimita 110 hivi, mtu mrefu aongeze kidogo, huna haja ya kulaza miguu. Pembeni kwenye kona chomelea vimasikio vya kutokeza nje, na viinue kiasi cha sentimita 7 ukipima toka upande wa chini wa fremu, chini ya hivyo vimasikio ndo matairi ya inchi 3 yanafungwa, fremu inaning'inia katikati karibu na ardhi. Kabla hujachomelea la mwisho zungusha tairi mduara mzima uone haligusi fremu, tairi la kuzunguka linakula nafasi kubwa kuliko unavyoliona limesimama. Kwenye kimasikio weka bamba la milimita 4 au 5 ufunge kwa bolti nne na nati zenye pete ya nailoni ndani, usitoboe paipu tupu ukakaza bolti, paipu inabonyea na kesho imelegea. Na usichomelee tairi moja kwa moja, joto linayeyusha grisi ya beringi, halafu ule mng'ao mweupe wa zinki ukiungua moshi wake unakulaza na homa usiku. Juu weka plaiwudi ya milimita 12, kona zote zizungushe, kichwani inua sentimita 5 na kipande cha sponji, basi. Matairi mawili yawe na breki. Kama mkono wako wa kuchomelea ni wa kubahatisha kama wangu, mpelekee anayetengeneza mageti, yeye hiyo ni kazi ya nusu siku.

Breki nazitaja kwa sababu zilinipata. Nikiwa kijana bado nililala kwenye kitanda kizuri tu chini ya pikapu, bolti ya propela imeshika kutu, nikakaza meno nikavuta. Bolti haikutoka, mimi ndo nikatoka. Nguvu unayoitia kwenye spana inakurudia mwilini, na mwili uko juu ya matairi, kwa hiyo ukivuta spana kuja kwako kitanda kinakupeleka kwenye spana. Nililipeleka paji la uso moja kwa moja kwenye difu, alama ninayo, wajukuu wanaiuliza. Bolti zilizoshika shuka kitandani, lalia boksi, uzilegeze kwanza, kitanda ni cha kazi zinazotaka kusogea huku na huku. Na ukikitoka kisimamishe ukutani, usikiache chini mtu akakikanyaga, halafu kwa miteremko yetu hii kinaweza kukuaga kikaenda barabarani chenyewe.

Sasa tofali. Ndugu yangu, leo leo acha. Tofali la bloku halipindi, halilii, halikupi dalili, linasagika lote mara moja likipata ncha ya chuma. Jeki nayo imeshikwa na mpira mdogo wa ndani unaozuia oili isirudi, ukichanika gari linashuka, na hauchagui saa ya kuchanika. Jeki ni ya kuinulia tu, ya kushikilia ni stendi, mbili kwa uchache, zikae pale chesisi ilipoandaliwa kuinuliwa. Kwenye changarawe zikalie kipande cha bamba au mbao nene la sivyo mguu mmoja unazama gari linainama. Magurudumu yaliyobaki chini yawekee vigingi mbele na nyuma, handibreki kaza, halafu kabla hujaingia tikisa gari kwa mkono kwa nguvu, bora lianguke wewe uko nje. Na tairi ulilolifungua lilaze chini ya chesisi, halina gharama hilo. Kitanda chenye matairi kinafanya haya yote yawe muhimu zaidi, maana kinakurahisishia kuingia mpaka katikati ya gari, zamani kwenye boksi ulikuwa unaishia mabega. Kama hela inatosha kitu kimoja tu mwezi huu, nunua stendi, kitanda kisubiri.

La kiuno nikwambie ukweli, kitanda kitakusaidia kidogo tu. Kinachoumiza mara nyingi ni shingo iliyoinuliwa hewani bila kitu chini, ni kujikunja kutoka na kuingia mara arobaini kwa siku, na kunyanyua gia boksi kwa kifua ukiwa umelala, ya mkono ya gari dogo tu inaweza kufika kilo 30, 40. Kiegemeo cha kichwa na kitanda kilicholala vinapunguza hayo mawili ya kwanza. La gia boksi linataka jeki ya gia boksi au mtu wa pili, sio godoro. Vyote unavyovihitaji viweke kwenye sinia pembeni ya kichwa usitoke toke. Ila kama maumivu yanashuka mguuni mpaka chini ya goti, au mguu unakufa ganzi au unalegea, hayo sio ya fundi magari tena, nenda hospitali, Sekou Toure au Bugando, wakuangalie ana kwa ana. Na ukiona ganzi kwenye makalio na sehemu za siri, au mkojo unagoma kutoka au unatoka bila wewe kujua, hiyo ni ya siku hiyohiyo, usilale nayo ukisubiri asubuhi.

Kile cha plastiki usikitupe. Matairi manne yaliyo mazima yafungue, kata kipande cha plaiwudi cha ukubwa wa karai, yafunge chini yake, umepata kitoroli cha kuvutia karai la oili kwenye zege bila kumwaga.